Mgongo wa cherehani usiulalie

Pole dada. Umesema unashona pale Kiboriloni tangu asubuhi, jioni kiuno kinakaza, na jirani kakushauri ulale wiki nzima. Hapana, usilale. Maumivu ya namna hiyo hupungua upesi ukiwa unatembeatembea. Kitandani misuli inalegea tu.

Mimi fundi mwenzio, nilianzia kwenye mkeka. Lala chali, kunja magoti, nyayo chini. Kaza tumbo kama mtu anayetaka kutekenywa, kisha inua nyonga mpaka bega na goti vinyooke mstari mmoja. Hesabu hadi 5, shuka taratibu. Mara 10. Makalio ndiyo yafanye kazi. Ukiona kiuno kinavuta, umepanda mno. Halafu kaa kama mtoto anayetambaa, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, badilisha. Siku za mwanzo nilitetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa, watoto wakanicheka.

Kila nusu saa inuka kwenye cherehani, hata kama mteja amesimama mlangoni. Jipe wiki 6 hivi.

Ila ganzi ikikuingia sehemu za siri, mguu ukikosa nguvu au mkojo ukikushinda, acha mazoezi, nenda hospitali siku hiyohiyo.