Dili na kampuni ukiwa Mwanza: angalia kwanza wafuasi wako wanaishi wapi

Mleta mada, nimekusoma. Una wafuasi elfu tisa na ushei Instagram, unapika vyakula vya ziwani, umetuma DM kwa kampuni za simu, benki na soda, na kote huko ni kimya. Sasa unauliza kama ununue wafuasi ufike elfu hamsini ndipo wakuone.

Usinunue. Wafuasi wa kununua hawali dagaa. Na mtu wa masoko anayeijua kazi yake akikuta wafuasi elfu hamsini halafu komenti sita, nne kati ya hizo ni emoji za moto, anafunga ukurasa anaendelea na shughuli zake.

Hiyo DM yako kwa kampuni ya simu sidhani hata kama ilifika kwa mtu wa masoko. Ile kurasa inakaliwa na vijana wa huduma kwa wateja, wanajibu watu waliokatwa bando usiku. Akikutana na "naomba tushirikiane" anakutumia jibu la "karibu, tukusaidie nini?" basi, imeishia hapo. Shida yako haipo kwenye idadi, ipo kwenye mlango uliogonga.

Fanya hivi leo. Ingia kwenye takwimu za akaunti yako, shuka mpaka sehemu ya miji. Mimi nafanya kazi hii hapa hapa Mwanza, miaka sasa, na nilipoanza kuangalia hiyo sehemu nilikuta Dar ipo juu, Mwanza ya pili, Dodoma na Arusha zinafuata. Ukifikiri ni jambo la kawaida: anayekodolea macho sato wa kukaanga kwenye simu saa tano usiku ni msukuma aliyehamishiwa kazi Dodoma, siyo mtu wa Igogo ambaye samaki anapitishwa mlangoni kwake asubuhi. Kama na wewe uko hivyo, basi saluni ya Nyegezi na mgahawa wa Kirumba siyo wateja wako, hata kama ni majirani. Mtu wa Mbezi, Dar, hawezi kuja kusuka Nyegezi. Mteja wako ni mfanyabiashara wa Mwanza anayepakia mzigo kwenye basi kwenda mikoani.

Mfano hai. Pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kuna mama anafungasha dagaa kwenye pakiti, nusu kilo na kilo. Nilikuwa nanunua kwake kabla sijamwambia habari ya tangazo, na hilo nakushauri sana, nunua kwanza. Siku nilipomweleza akaniangalia juu mpaka chini.

"Mwanangu, hizo laiki zenu zinanunua dagaa?"

"Mayu, wateja wa Dar wanakuulizaga nini wakipiga simu?"

"Mchanga. Kila mtu mchanga, mchanga. Walishauziwa waliokaushwa chini, wanadhani wote wako hivyo. Mimi nakausha kwenye vichanja."

Kazi ilishapatikana pale pale. Sikumwonyesha wafuasi, nilimwonyesha komenti zangu mwenyewe, watu wanauliza "dagaa wasio na mchanga napata wapi?" Kilio chake na kilio chao ni kimoja. Video yenyewe ilikuwa rahisi kupita kiasi: bakuli la kioo, maji ya uvuguvugu, nafungua pakiti mbele ya kamera bila kukata, naloweka, nakoroga kwa mkono, nawatoa dagaa, halafu kamera inasogea mpaka chini ya bakuli. Maji yamebadilika rangi kidogo, magamba mawili matatu, mchanga hamna. Sikusema hata neno "bora". Oda zikaanza kuingia usiku ule ule, nyingi za Dar.

Ujumbe ninaotuma kwa watu wa aina yake unakuwa hivi, chukua ubadilishe:

"Habari za kazi mama. Mimi napika vyakula vya ziwani Instagram. Wanaonifuatilia wengi wako Dar na Dodoma, na kila nikipika dagaa wananiuliza wanunue wapi wasio na mchanga. Nimekuwekea picha za maswali yao hapo chini. Naomba nikutengenezee video moja ya dakika moja: nafungua pakiti yako, naloweka, wanaona maji, napika. Namba yako ya oda inakaa kwenye video na kwenye maelezo. Nikupigie kesho saa ngapi tuongee bei?"

Umeona haina "mimi ni influensa mwenye ndoto". Haina historia ya maisha yako. Ina tatizo lake, ushahidi, kitu utakachofanya, na swali ambalo jibu lake ni saa. Na omba kupiga simu, mfanyabiashara wa Mwaloni hasomi aya tatu.

Jambo la wakati nalo wengi hawalioni. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa mitumbwi inapumzika, dagaa wanaadimika, bei inapanda. Ukimpelekea mfungashaji wazo la tangazo siku hizo atakwambia hana mzigo, na kweli hana. Mfuate giza linapoanza, akiwa na stoo inayojaa na anawaza atauza wapi. Kila biashara ina giza lake na mbalamwezi yake, ulizia.

Kupima matokeo usiache mdomoni. Mtengenezee kiungo cha WhatsApp chenye ujumbe ulioandikwa tayari, mteja akibonyeza inatokea "Nimeona video ya dagaa kwa fulani". Mwisho wa wiki mnakaa na simu yake mnahesabu. Hiyo hesabu, kwa ruhusa yake, ndiyo unayoipeleka kwa mteja anayefuata, ina nguvu kuliko wafuasi elfu hamsini.

Kampuni kubwa usizifute, ila usizitafute Dar. Benki na kampuni za simu zina ofisi za Kanda ya Ziwa hapa mjini, na wakubwa wa kanda wana shughuli zao za kuonekana: kuzindua tawi, maonesho ya wakulima ya Nanenane pale Nyamhongolo mwezi wa nane, maonesho ya biashara. Nilivyowaona mimi, bajeti ndogo ya kanda inatoka haraka kuliko bajeti kubwa ya makao makuu. Andika barua ya ukurasa mmoja, uipeleke mwezi wa sita, maana wiki ya Nanenane kila mtu yuko bandani anafunga mapazia. Chapisha nakala mbili, moja waache mapokezi, nyingine igongwe muhuri wa "imepokelewa" ubaki nayo. Watu wanacheka barua za karatasi zama hizi. Ukipiga simu baada ya wiki ukataja tarehe ya muhuri, barua inatafutwa.

Huko wataulizia TIN (namba ya mlipakodi) na ankara, na wakikulipa watakata kodi ya zuio asilimia 5. Usigombane nao, dai cheti cha hiyo kodi, utakihitaji TRA, mamlaka ya mapato. Jina la biashara sajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, siyo kazi kubwa.

Bei. Akaunti kama yako mimi nisingeshuka chini ya laki na nusu kwa video moja, nusu kabla ya kushika kamera, nusu siku inapopanda. Hiyo ni ya kupiga, kuhariri na kuweka kwenye ukurasa wako tu. Wakitaka kuichukua waibusti kwenye kurasa zao, yaani walipie isambae kama tangazo, hiyo ni pesa nyingine na iwe na mwisho, mwezi mmoja au mitatu, imeandikwa. Kuna hoteli moja ya ufukweni, jina naliacha, ilichukua video yangu ikaibusti mwaka mzima, sura yangu inatangaza vyumba huku mimi nimelipwa posti moja. Nilipouliza nikaambiwa "si tulishakulipa?" Wakitaka usitangaze mshindani wao, vivyo hivyo, wanalipia huo muda unaokaa bila kazi.

Kuna vitu vya kukataa hata kama mfuko umetoboka. Vyakula na vipodozi, tangu 2019, usajili wake uko TBS (shirika la viwango), dawa ziko TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Mtu akikuletea krimu ya kung'arisha uso kwenye kopo lisilo na lebo anasema "ni ya asili tu", mwombe usajili. Hana, mwage. Wafuasi wako watapaka usoni kwa kukuamini wewe, yeye hata hawamjui.

Na lile swali lako la mwisho, mwenye mgahawa anayetaka video tatu akulipe kwa chakula cha mchana. Mimi ningempa moja, ya simu tu, bila kuhariri, kwa masharti kwamba anaruhusu nihesabu wateja wanaotaja jina langu wiki hiyo. Wakija, ya pili ana bei. Wasipokuja, utakuwa umekula sato wa bure na umejua kwamba wafuasi wako wako Dar, kama nilivyosema juu. Hizo takwimu za miji ukishazifungua ziweke hapa, wadau wengine nao waongeze.