Swali la gereji: Nifunge mwenyewe puli nyepesi kwenye Runx?

SWALI: Habari fundi. Nina Toyota Runx ya gia za mkono, ile ya injini ya 2ZZ. Nimenunua puli ya alumini, lile gurudumu la mkanda linalofungwa mwishoni mwa krankshafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), rangi ya buluu, nyepesi kuliko ya kiwandani kwa kilo moja na kidogo. Aliyeniuzia anasema ile ya kiwandani ni uzito wa bure, maana injini imeshabalansiwa ndani, na nikiitoa nitaongeza kama nguvu kumi za farasi. Nataka kuifunga Jumamosi kwenye pakingi ya ploti yetu hapa Kasarani. Taabu ni bolti, imekataa kufunguka. Jirani anasema nitegeshe spana kwenye chasi kisha nipige stata. Ni sawa? Na kuna kingine cha kuangalia?

JIBU: Bolti iliyokataa kufunguka imekufanyia hisani, kaka. Iache hapo kwanza.

La stata nilimalize upesi. Ndiyo, hufungua, na mafundi wengi mjini wamewahi kuitumia. Lakini spana ikiteleza, pamoja na bomba lolote ulilochomeka kuirefusha, hurudi kwa kasi ya kuvunja mkono au kutoboa rejeta. Na ukiikariri mbinu hiyo ukaenda kumsaidia mwenye Honda ya zamani ya injini za B au D, utashangaa: zile huzunguka kinyume na nyingine, kwa hiyo stata inaikaza bolti badala ya kuilegeza. Mazda zenye injini ya LF, kama Axela za kwanza za lita mbili, ni hatari zaidi. Puli yake haina ufunguo, kile kipande kidogo cha chuma cha kuishikilia kwenye krankshafti isizunguke peke yake. Hiyo bolti ndiyo imebana puli pamoja na gia ya cheni ya taimingi, kwa msuguano tu. Ukiilegeza kabla hujafunga krankshafti na kamshafti (mhimili unaofungua valvu) kwa vifaa vyake, taimingi, yaani mpangilio wa pistoni na valvu, imekwenda, na siku ya kuwasha pistoni zitasalimiana na valvu.

Sasa twende kwenye lile neno, “imeshabalansiwa ndani”. Nalisikia kila wiki, kuanzia Kirinyaga Road mpaka Kariobangi, na linanichosha kwa sababu ni kweli. Injini yako imebalansiwa ndani. Lakini nani alisema ile puli imewekwa pale kubalansi?

Ingia jikoni, chukua kifuniko cha sufuria. Kining'inize kwa kishikio, ukigonge na kijiko. Kinalia, tena kinalia muda mrefu. Kimebalansiwa vizuri sana kile kifuniko, ni duara, hakina upande mzito, na bado kinalia. Kigonge tena, safari hii ukiwa umekigusa ukingoni kwa kidole. Kimya. Kidole hakikubalansi chochote, kimemeza mtetemo tu. Puli ya kiwandani ndiyo kile kidole.

Itazame vizuri hiyo uliyotaka kuitupa. Katikati kuna kitovu cha chuma kinachoingia kwenye krankshafti. Nje kuna ringi nzito yenye mifereji ya mkanda. Kati ya hivyo viwili utaona mstari mweusi mwembamba wa duara, ambao wengi hudhani ni uchafu wa grisi. Ni mpira. Kila silinda inapolipua mafuta, krankshafti inasukumwa mahali pamoja kwa nguvu nyingi, na inajisokota kidogo, sehemu ndogo ya digrii, kisha inajisokotoa. Injini ya silinda nne hulipua mara mbili kila mzunguko. Ukiifikisha mizunguko 7,500 kwa dakika, na mwenye 2ZZ hawezi kusema hafiki huko, hiyo ni misukumo 250 kila sekunde. Chuma nacho kina mdundo wake wa asili, kama bembea. Misukumo ikiangukia kwenye mdundo huo, msokoto unakua kama mtoto anayesukumwa kwenye bembea na mtu anayejua lini asukume. Ringi nzito ya nje hukataa kufuata huo mchezo, mpira unavutwa huku na huku, nguvu ya mtetemo inageuka joto dogo na kuishia hapo.

Hili si jambo la juzi. Mwanzoni mwa karne ya 20 injini za silinda sita zilikuwa zinakata krankshafti zenyewe kwa sababu hiyo, na mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester ni mmoja wa waliokaa chini wakabuni dawa yake. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, muuzaji anakwambia dawa hiyo ni uzito wa bure.

Tufanye hesabu ya uzito, maana ndiyo iliyokutoa pesa. Chukulia umepunguza kilo moja na robo, na uzito huo ulikuwa umekaa kama sentimita sita kutoka katikati. Gia yako ya kwanza pamoja na difu inazungusha injini kama mara 14 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Ukipiga hesabu ya mwendo wa kuzunguka, faida yake kwa gia ya kwanza ni kama kuteremsha kilo kumi kwenye gari: mtungi wa maji wa lita kumi. Ukifika gia ya sita faida haifiki kilo moja. Hata pakiti ya unga inakushinda. Hizo farasi kumi hazipo. Mashine nyingi za kupima nguvu hupima injini ikiwa inapanda kasi, kwa hiyo kitu chepesi huonekana kama nguvu mpya, lakini ukiishikilia injini kwa kasi moja hakuna kilichoongezeka. Ikiwa unataka kuteremsha kilo kumi, fungua buti. Najua kuna spika humo.

Na kama puli hiyo ni ndogo kwa kipenyo pia, umejiongezea tatizo jingine. Alteneta, inayochaji betri, na pampu ya maji kwenye 2ZZ zinazungushwa na mkanda huohuo. Ukisimama kwenye foleni ya Thika Road jioni, taa zimewaka, AC inafanya kazi, injini imelala kwenye mizunguko ya chini kabisa, alteneta inazunguka polepole kuliko ilivyokusudiwa. Utakuja kuniambia betri mbovu.

Ukiutoa ule mpira, kinachoumia kwanza mara nyingi si krankshafti. Ni pampu ya oili. Kwenye injini hii, na kwenye Toyota na Nissan nyingi, gia ya pampu imevaa pua ya krankshafti moja kwa moja, hatua chache tu nyuma ya puli. Gia hiyo imetengenezwa kwa unga wa chuma ulioshindiliwa, ni ngumu lakini haipendi kutikiswa. Niliwahi kufungua 1JZ, injini ya Toyota ya silinda sita, kwenye gari lililokuja kwa kamba, mwenyewe akiwa amefunga puli kavu, isiyo na mpira, miezi kadhaa kabla. Gia ilitoka vipande vitatu. Pale ilipovunjika palikuwa na chembechembe za kijivu kama chumvi ya mawe, hakuna alama ya kupinda, imekatika tu. Sitaapa kwamba ni puli peke yake, injini ile ilikuwa inapigwa sana. Lakini bei ya injini nzima alilipa yeye, si aliyemuuzia puli.

Utaniambia magari ya mashindano yanazifunga. Baadhi, ndiyo, na wenye magari hayo hufungua injini kila baada ya muda mfupi wakabadilisha vitu ambavyo wewe unatarajia vikae miaka kumi. Zipo pia injini ndogo zilizotoka kiwandani na puli ya chuma kitupu. Yako si mojawapo. Ule mstari mweusi unakwambia.

Ugonjwa wenyewe ni mpana kuliko puli. Mji huu una fundi ambaye kazi yake ni kutoa. Themostati anaitoa, “hii ni ya nchi za baridi”, na gari linakwenda miaka miwili likinywa mafuta kwa sababu injini haifiki joto lake. Mpira wa puli ukiachia, hainunuliwi puli nyingine, inapelekwa kuchomelewa ringi kwenye kitovu, na mteja anaambiwa sasa hii haitakufa tena. Kweli, haitakufa, ni chuma sasa. Kitakachokufa ni kilicho nyuma yake. Ukiona fundi anatoa kitu, muulize kilikuwa kinafanya kazi gani. Akijibu “hakina kazi”, chukua funguo zako.

Ulichopaswa kuangalia Jumamosi hakihitaji kufungua bolti yoyote ya injini. Inua gari upande wa dereva, weka stendi chini ya chasi, usiamini jaki peke yake juu ya kabro. Toa tairi la mbele na ile plastiki ya ndani, puli utaiona uso kwa uso. Angalia kama mpira umepasuka, umevimba kwa oili inayovuja kwenye sili, au umeanza kuchomoza. Kisha safisha, na kwa rangi nyeupe ya kucha chora mstari mmoja ulionyooka kutoka kwenye kitovu, upite juu ya mpira, mpaka kwenye ringi ya nje. Endesha wiki nzima kama kawaida yako. Angalia tena: mstari ukiwa bado umenyooka, puli ni nzima, funga plastiki uendelee na maisha. Ukiukuta umekatika, nusu iko huku na nusu kule, ringi inateleza. Hapo nunua nyingine yenye mpira, mpya, si ya kutoka Japani iliyokwisha kuzeeka kwenye rafu, na bolti ifungwe kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo. Ile ya buluu mrudishie, kama atakubali kuipokea.