Usirudi na picha za majani tu

Ndugu yangu, hofu yako ya kukaa siku nne rasi ya Osa, kule Kosta Rika, na kurudi hujaona mnyama, naielewa. Wapo tele, ila wamejificha. Toka kabla hakujapambazuka. Ikigonga saa nne asubuhi joto limepanda na wengi wamejilaza. Hifadhi ya Corcovado, iliyo huko huko rasini, huingii bila kiongozi mwenye kibali, na usiione hiyo kuwa hela ya bure: yeye ndiye atakayekuonyesha kwamba lile bonge la manyoya juu ya tawi ni slothi, yule mnyama wa mitini aendaye polepole mno.

Ila mimi ningeanzia ufukweni. Tafuta miti ya mikungu, simama chini yake, nyamaza. Kwanza utasikia maganda ya kungu yakidondoka, ta, ta, kwenye majani makavu. Inua kichwa taratibu: kasuku wakubwa wekundu, wawili wawili, wanatafuna. (Wakiruka, kelele zao hazifanani kabisa na uzuri wao.) Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane, inatosha, yenye kukuza zaidi hutikisika mkononi. Na usiogelee kwenye midomo ya mito, kuna mamba.