Kupiga rangi paneli za kasha la kompyuta nyumbani: msasa kwanza, kopo baadaye

Kasha la kompyuta, lile ambalo mtaani huitwa CPU, limeundwa kwa vitu viwili visivyofanana: mbavu za bati na uso wa plastiki. Vyote vinakubali rangi ya spreyi, ila kila kimoja kina masharti yake. Chomoa waya wa umeme, fungua skrubu za nyuma, toa paneli na uzipeleke mbali na mashine. Ukungu wa rangi ukishaingia kwenye feni na soketi hautoki.

Kwa kasha la ukubwa wa kati nunua kopo moja la praima (rangi ya msingi ya kushikia) la ml 400, mawili ya rangi na moja la klia (vanishi angavu ya kumalizia). Ongeza msasa wa maji namba 400, 800 na 2000, tepu ya karatasi, sabuni ya vyombo na alkoholi ya isopropili. Spiriti ya kusafishia vidonda haifai, kwa sababu baadhi yake hutiwa mafuta ya kulinda ngozi, na mafuta ndiyo adui wa kwanza wa kazi hii. Makopo yote yawe ya kampuni moja na aina moja, maana thina kali ya klia ya aina nyingine inaweza kuikunja rangi iliyo chini yake.

Rangi ya kiwandani kwenye bati ni ya unga uliookwa, ngumu na iliyoshika barabara. Usiibandue, ifanye tu iwe msingi wako. Osha paneli kwa sabuni, kisha sugua kwa namba 400 huku ukichovya msasa majini, mpaka mng'ao wote ufe. Itazame kwa kuilaza pembeni ya mwanga wa dirisha: kila doa linalong'aa ni mahali ambapo rangi mpya itabanduka. Kingo zisugue kwa mkono mwepesi, kwa kuwa ndipo bati hujitokeza upesi. Chini ya rangi kuna utando mwembamba wa zinki unaozuia kutu. Ukiufikia, paka hapo praima ya kushikia zinki siku hiyohiyo. Kwa wakazi wa Tanga, Mombasa au Unguja hili si la kuahirisha, kwani hewa ya chumvi haisubiri.

Kabla ya praima, mwagia paneli maji safi. Yakitandaa kama karatasi, imetakata. Yakijikusanya matone, bado kuna mafuta, rudia sabuni. Ikikauka ifute kwa alkoholi na usiiguse tena kwa vidole vitupu. Vishimo vidogo vya duara vinavyojifungua kwenye rangi mbichi, kama macho ya samaki, hutokana na mafuta ya vidole au silikoni ya dawa za kung'arisha dashibodi na fanicha.

Plastiki ya mbele igeuze usome herufi zilizochapwa kwa ndani, ndizo zinazotaja aina ya plastiki. ABS ni rahisi: msasa namba 800, alkoholi, praima ya plastiki. Usiipake thina wala asetoni, inayeyuka na kuwa na utelezi kama gundi. Ikiandikwa PP, bila praima maalumu ya kushikia plastiki rangi itatoka kwa ukucha. Wavu wa kupitishia hewa upulize kwa mbali kidogo, kutoka kulia kisha kushoto, mikono (matabaka ya rangi) miembamba, matundu yasizibe. Ukiyaziba, umeinyima kompyuta pumzi.

Sasa hali ya hewa, ambayo ndiyo huharibu kazi nyingi za pwani. Thina ikiruka kwa kasi hupoza uso wa rangi, unyevu wa hewani hutua juu yake, na rangi nyeusi hutoka na weupe kama maziwa. Epuka siku za masika, asubuhi yenye umande na jioni. Saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, kivulini, penye upepo mdogo, ndio wakati wake. Jua kali nalo si zuri, kwani matone hukauka kabla ya kutandaa na uso unatoka kama ganda la chungwa.

Tikisa kopo dakika mbili baada ya kusikia gololi ikigonga. Shika umbali wa sm 20 hadi 25, anza kubonyeza nje ya paneli, pita moja kwa moja, achia ukiwa umeshavuka ukingo. Kila mstari upande nusu ya uliotangulia. Mkono wa kwanza uwe wa vumbi tu, chini kuonekane. Subiri dakika 10 hadi 15, piga wa pili, kisha wa tatu. Machozi ya rangi hutiririka pale mkono ulioshika kopo unaposimama au kusogea karibu mno. Yakitokea usiyafute, yaache yakauke siku mbili, yasugue kwa namba 800 na urudie. Soma pia maandishi ya kopo: mengi huruhusu kurudia ndani ya saa moja au baada ya siku mbili. Katikati ya hapo rangi iliyokauka nusu hukunjamana.

Rangi yenye chembe za metali usiisugue kabla ya klia, itabaki na michirizi. Klia piga mikono mitatu. Ya kung'aa unaweza kuisugua kwa namba 2000 na kompaundi (dawa ya kung'arishia rangi) baada ya wiki. Isiyong'aa iache ilivyo. Vaa barakoa ya chujio la mkaa, si ile ya kitambaa, na jiko liwe limezimwa, maana gesi ya kopo huwaka.

Kingo za ndani ambapo paneli hugusa fremu, matundu ya skrubu na nguzo za kushikia madabodi (bodi kuu ya kompyuta) vilipaswa kuzibwa kwa tepu tangu mwanzo, kwa kuwa hapo chuma lazima kiguse chuma ili umeme tuli upate njia. Tepu ing'oe rangi ikiwa bado laini, ukiivuta kwa kuikunja nyuma. Rudisha paneli baada ya siku mbili au tatu, na kwa wiki mbili usiweke kitu juu yake. Ukibonyeza ukucha kwenye kona ya ndani ukaacha alama, bado haijakomaa.