Muulize Mama Maktaba: Juni imefika, kitabu kimekwamia wapi?

Kila Juni barua huwa nyingi, na nyingi zina kilio kimoja: Januari niliahidi, sasa naona haya. Mwezi huu nimechagua sita. Wanaouliza tu "nisome nini" wanisubiri toleo lijalo.

Shikamoo Mama Maktaba. Mimi ni muuguzi, wodi ya wazazi. Mwaka ulipoanza niliandika kwenye daftari kwamba nitasoma vitabu 24, viwili kila mwezi, kwa sababu rafiki yangu alisoma 30 mwaka jana na vyote akaviweka status. Mpaka leo nimemaliza vitano. Vingine vinne nimeviacha katikati. Nikipiga hesabu nadaiwa 19 kwa miezi sita, na zamu za usiku hazijapungua. Nifute lengo au nikaze?
*Muuguzi, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Daftari liweke pembeni kwanza. Kalete hivyo vinne ulivyoviacha, uvipange kitandani.

Nilipokuwa natunza maktaba ya shule ya wasichana huku Tanga, ikifika Juni tulikuwa tunafunga mlango tunahesabu mali. Watu wanadhani kuhesabu mali ni kulinganisha rejista na rafu, basi. Hiyo niliwaachia wasichana wa kamati ya maktaba. Mimi nilikuwa nakishika kitabu nakitazama ubavuni. Kitabu kilichopita mikononi mwa wengi huwa na weusi wa vidole kwenye kingo za kurasa, na weusi ule hausemi uongo: unaanza mzito, unaendelea, halafu mahali fulani unakatika ghafla na kurasa zilizobaki ni nyeupe pe. Pale ndipo karibu kila msichana alipoishia. Ukipafungua, sababu unaikuta. Mara nyingi ni sura ndefu isiyo na pa kupumulia, kengele ya prepo imelia mtu yuko katikati, kesho yake hakumbuki nani ni nani. Au wameingizwa watu saba wapya kwenye ukurasa mmoja. Au mhusika aliyependwa na bweni zima amekufa, hakuna tena wa kumfuatilia. (Humo ndani tulikuta pia vitana, picha za pasipoti na barua za wavulana. Barua nilizichana bila kuzisoma, au tuseme hivyo.)

Sasa nawe fanya hivyo hivyo. Fungua kila kimoja pale ulipoweka alama, na alama yenyewe uiangalie. Ni nini? Kama ni risiti ya duka la dawa au tiketi ya basi, ina tarehe. Chukua ratiba yako ya zamu ulinganishe. Sitashangaa vitatu kati ya hivyo vinne vikiwa vimekatikia kwenye wiki za usiku. Hivyo havina kosa, ni usingizi tu, endelea navyo. Lakini kile kilichokatikia ukiwa likizo, umelala vizuri, watoto wako kwa bibi yao, hicho hukukipenda. Mpe mtu leo hii, usikirudishe kwenye rafu kikukodolee macho.

Tuje kwenye 24. Hiyo si hesabu yako, ni ya rafiki yako iliyopunguzwa sita. Tupige yako. Serikali nayo huanza mwaka wake wa fedha Julai 1, kwa hiyo hatutakuwa vituko peke yetu. Kutoka Julai 1 mpaka Desemba 31 ni siku 184. Toa nusu nzima kwa ajili ya zamu, homa za watoto, misiba na vikao vya harusi. Zimebaki 92. Katika siku hizo soma dakika 20 tu. Msomaji asiye na haraka humaliza ukurasa wa riwaya kwa dakika mbili, kwa hiyo ni kurasa 10 kwa siku, kurasa 920 mpaka mwaka unakwisha. Riwaya ya Kiswahili ya kurasa 150 si ngeni, na hapo umepata sita. Ukijumlisha na vitano vya mwanzo unafunga mwaka na 11. Andika hiyo kwenye daftari, na uiandike kwa wino.

Dakika hizo 20 usiziweke baada ya zamu ya usiku. Mtu aliyepokea watoto wachanga usiku kucha akishika kitabu saa mbili asubuhi, atakachofanya ni kukidondosha usoni. Ziweke kabla ya kutoka kwenda kazini, ukiwa umeshavaa sare na umekaa.

Jambo jingine. Morogoro mna maktaba ya mkoa. Jiandikishe. Kitabu cha kununua hakina anayekidai. Cha kuazima kina tarehe ya kurudisha imegongwa muhuri. Nimewaona watu wazima wenye vyeo vyao wakimaliza kitabu usiku mmoja kwa kuogopa muhuri ule.

Na huyo rafiki yako, ikifika Desemba, zima status zake.

Mama Maktaba, mimi ni fundi cherehani, Mbagala. Vitabu sina, ila nimo kwenye magrupu matatu ya simulizi WhatsApp. Kila usiku napokea sehemu, nyingine nalipia. Dada yangu ni mwalimu, anasema huko si kusoma, ni umbea. Kweli?
*Fundi, Dar es Salaam*

Mwambie dada yako ni kusoma, na kama anabisha aniandikie mwenyewe. Sisi wa rika langu tulikuzwa na hadithi za mfululizo magazetini. Gazeti likiingia nyumbani, baba alichukua kurasa za siasa, sisi tulichana ile ya hadithi tukagombania mpaka ikawa vipande. Mtindo ni huo huo unaouona kwenye simu yako: kukatisha penye utamu ili mtu arudi kununua. Na wewe unamlipa mwandishi, jambo ambalo wasomi wengi wanaosambaziana pdf za wizi hawalifanyi.

Ila nusu mwaka yako ina swali lake. Katika simulizi ulizoanza tangu Januari, ngapi zimefika mwisho? Najua magrupu hayo. Simulizi inafika sehemu ya 60, shujaa amefungwa kamba, mwandishi anasema ana dharura ya kifamilia, na hapo ndipo mlipoagana. Msomaji anayelishwa mianzo tu huzoea kutodai miisho. Kwa hiyo kati ya sasa na Desemba, ongeza kitabu kimoja chenye kasi hiyo hiyo lakini chenye jalada la nyuma. Elvis Musiba ndiye mtu wako. Mtafute mpelelezi wake Willy Gamba kwa wauza vitabu vya mitumba wa mjini Posta. Wakikutajia bei, punguza, wamezoea. Kisha mteja akija kupimwa gauni, msimulie ulipofikia. Ukiweza kumsimulia bila kushika simu, umesoma.

Hujambo Mama Maktaba. Nafunza Kiswahili katika shule ya upili. Kila mwaka narudia vitabu teule vile vile: riwaya, tamthilia, hadithi fupi. Nikitathmini mwaka wangu, nivihesabu?
*Mwalimu, Nakuru*

Sijambo mwalimu. Usivihesabu. Huko unatafuta maudhui, mbinu za uandishi na swali la alama ishirini, na unalipwa, hata kama ni kidogo. Ukishuka Nairobi pita kwenye vibanda vya Inama, wale wauza vitabu vya mitumba, uiname kweli, uchukue kimoja ambacho hakuna mtu atakayekitahini. Kalamu nyekundu iache nyumbani.

Shikamoo bibi. Nimezaliwa Maskati. Nyumbani twazungumza Kiswahili, bibi yangu katoka Unguja, lakini shule nimesoma Kiarabu na Kiingereza. Nilijiwekea kusoma *Vuta n'kuvute* mwaka huu na mpaka sasa niko ukurasa wa 40. Nasoma kwa kukwamakwama, kila mstari nauanza upya. Nimekata tamaa. Nifanyeje?
*Msichana wa Maskati*

Marahaba mjukuu wangu. Umechagua vizuri kuliko unavyojua, kwa hiyo kitabu tusikibadilishe. Tubadilishe namna ya kukisoma.

Kiswahili unacho masikioni tangu hujaota meno. Macho ndiyo mageni. Vitenzi vyetu vimeshonana, mtendaji, wakati na mtendwa vyote ndani ya neno moja, na macho yasiyozoea mnyororo ule yakikutana nao yanasimama. Sikio halisimami. Basi soma kwa sauti. Usinong'one, toa sauti ya kusikika chumba cha pili. Utaona mstari uliokushinda kwa macho unaingia wenyewe mara tu ukiusikia.

Halafu usisome peke yako. Msomee bibi yako. Mwandishi wake, Adam Shafi, ni Mzanzibari na watu wake wanazungumza Kizanzibari. Yasmini ameozwa mume mzee, mfanyabiashara Raza, na ndoa ile haimkai. Bibi yako atakuwa na la kusema juu ya ndoa hiyo kabla hujageuza ukurasa. Neno usilolijua, usilikimbilie kwenye kamusi. Muulize yeye. Atakueleza maana, atakuongezea na jina la mtu aliyekuwa akilitumia mtaani kwao, na huenda usiku huo msisome tena. Si hasara.

Wala usijione unaanza jambo la kigeni. Mwana Kupona wa Pate alipomtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858, Kiswahili kilikuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu, hizo hizo ulizofundishwa shuleni. Na tenzi zilisomwa kwa sauti, mmoja anasoma, wengine wamekaa wanasikiliza. Unachofanya na bibi yako kina wenyewe.

Lengo lako mpaka Desemba: kitabu hicho kimoja. Usiongeze cha pili hata ukijisikia.

Mama, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Nilitaka kufikisha idadi, nikachukua *Nagona* ya Kezilahabi kwa sababu ni kembamba. Mama, kameniua. Nimerudia kurasa za mwanzo mpaka nimezikariri na sijui kinachoendelea. Ni dhambi kukiacha?
*Mwanafunzi, Iringa*

Marahaba. Nimecheka mpaka jirani kaja kuuliza. Mwanangu, kitabu hakipimwi kwa unene, ungeniuliza kabla.

Kezilahabi ana nyakati mbili. Yule wa *Rosa Mistika* ya mwaka 1971 na *Dunia Uwanja wa Fujo* ya 1975 anakusimulia mambo ya watu wa Ukerewe na kwingineko, huyu kafanya hivi, yule kapatwa na vile, na unamfuata bila taabu. Yule wa *Nagona*, 1990, na *Mzingile*, 1991, ameiacha njia hiyo makusudi. Matukio yanafuatana kwa mantiki ya ndoto, na maswali ni ya falsafa: ukweli ni nini, mtu anaufikiaje. Huwezi kukipitia ukiwa kwenye foleni ya chakula cha mchana ili kutimiza idadi.

Kiache, si dhambi. Anza na *Rosa Mistika*. Uliza pia kwa nini kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Ukishakimaliza, swali hilo utaweza kubishana nalo mwenyewe. *Nagona* kiweke mahali unapokiona. Siku utakayokirudia bila kuhesabu, soma sura moja, funga, tembea.

Na hiyo idadi, ni ya nani? Chuo hakikuuliza.

Mama Maktaba, heshima yako. Wewe kila mwaka unatukagua sisi. Nusu mwaka yako mwenyewe ikoje? Na je, kuna njia ya kubadilishana vitabu na sisi tulio mbali na maktaba?
*Mstaafu mwenzio, Korogwe*

Mstaafu mwenzangu, nusu mwaka yangu ni fupi kuliko unavyofikiri. Tangu nitolewe mtoto wa jicho nasoma asubuhi tu, dirisha la mashariki, kuanzia jua likishapanda mpaka muuza maziwa anapogonga geti. Usiku ni redio. Kwa hiyo kitabu kimoja kinakaa nami muda mrefu na hakina haraka ya kutoka.

Tangu masika nimo kwenye *Peponi*. Abdulrazak Gurnah alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka 1994, na baada ya kupata Nobel 2021 Ida Hadjivayanis akakitia Kiswahili. Kwa Kiingereza nilikisoma zamani nikakipenda, nikakirudisha. Safari hii kimenikamata vingine. Yusuf, kijana aliyetolewa rehani kwa deni la baba yake, anamwita tajiri "ami" na wenzake wanamkanya kwamba yule si ami yake. Kwa Kiswahili kale kaneno kanachoma, maana ndivyo tulivyofunzwa kumwita mtu mzima yeyote, awe wetu asiwe. Sehemu ya msafara wa kwenda bara naisoma kidogo kidogo kwa makusudi. Sina cha pili kinachosubiri na sitakitafuta.

Magazeti siyahesabu. Nayasoma kuanzia vifo.

Kuhusu kubadilishana: Korogwe na Tanga mabasi yanapishana siku nzima. Chagua kimoja ulichokimaliza na hutakirudia, kifunge, andika "Mama Maktaba" na jina lako juu, wahariri watakupa namba ya kunipigia, kisha mpe kondakta. Nami nitampa changu arudi nacho. Kitu kimoja tu: usikifunge kwa gazeti la wiki hii. Nitaanza kulisoma hilo, na kitabu chako kitasubiri.