Bia yetu chungu lakini hainukii, tununue hopsi ipi?

SWALI: Habari zenu. Mimi na shemeji yangu tunaishi Tacoma, jimbo la Washington, tumeanza kujipikia bia nyumbani, lita 20 kwa mkupuo. Ya kwanza tulitia hopsi, yale maua makavu ya kuipa bia uchungu na harufu, aina ya Citra maana kila mtu anaisifia, tukaichemsha yote saa nzima, imetoka chungu balaa na harufu hakuna. Saivi dukani tunaona Cascade, Centennial, Simcoe, Mosaic, tunachanganyikiwa tu. Tuchukue ipi ili bia inukie? Msomaji, Tacoma

JIBU: Poleni sana, ila Citra haina kosa, shida ni muda mlioitia. Uchungu wa hopsi unatokana na asidi za alfa, na hizo lazima zichemke muda mrefu ndo ziingie kwenye bia, lakini harufu iko kwenye mafuta yake na mafuta yanapaa na mvuke, kwaiyo mkichemsha saa nzima harufu yote inabaki jikoni alafu nyie mnakunywa uchungu. Na Citra asidi yake ni nyingi, asilimia 11 hadi 15 hivi, lazima iwakabe koo.

Kwa mzigo unaofuata chukueni Cascade, na sisemi hivyo kwa ajili ya bei tu. Asidi yake ni ndogo, kama asilimia 5 hadi 7, hata mkizidisha kidogo bia bado inanyweka, na harufu yake iko wazi kabisa, balungi na maua. Ilizalishwa Oregon na watafiti wa kilimo wa serikali ya Marekani, wakulima wakaipata 1972, na ndo hopsi inayonukia kwenye Sierra Nevada Pale Ale, bia iliyoanza 1980 na mpaka leo inauzwa kila mahali huko kwenu, sa nunueni chupa moja mnuse kabla hamjatoa hela ya hopsi.

Centennial ni kama Cascade yenye nguvu zaidi. Simcoe inanukia msonobari na utomvu. Mosaic ni mtoto wa Simcoe, ina embe na matunda mengi, naipenda sana, ila ikizidi kuna watu wanasikia kitunguu.

Kupika sasa: gramu 30 za Cascade mwanzo wa kuchemsha, 30 zingine dakika 5 za mwisho, alafu hamira ikishamaliza kuchachusha tupieni gramu 50 humo humo kwenye chombo cha kuchachushia, kavu hivyo hivyo, siku 3 au 4 zinatosha. Msimwage mwage wala kukoroga, hewa ikiingia hapo harufu inakufa haraka.

Na jamani, angalieni mwaka wa mavuno kwenye pakiti! Bonde la Yakima, kunakolimwa hopsi nyingi kuliko sehemu yoyote Marekani, liko jimboni kwenu hapo hapo, wanavuna kuanzia mwisho wa Agosti na Septemba yote, hamna sababu ya kununua za zamani. Ukifungua ukasikia harufu ya jibini, hiyo imeshazeeka, iacheni.

Kama Citra ilibaki ifungeni vizuri isipate hewa, iwekeni friza, mzigo wa tatu mtumie Cascade kwenye sufuria na Citra ile ya kutupia mwishoni, hizo mbili zinaelewana sana.