Ndege wa majini wanaokimbia baridi ya Ulaya: wapi pa kuwaona Moshi na Arusha

Mkuu umeuliza kama mtu wa Moshi anaweza kuwaona hawa ndege wa majini ambao Wazungu wanawafuata pwani kipindi cha baridi, au mpaka apande basi la Tanga. Unaweza tena vizuri tu, mi niko huku huku Moshi na mwezi wa 12 mpaka wa 2 ndo msimu wangu kabisa.

Elewa hivi. Wanaobaki pwani za Ulaya wanabaki kwa sababu matope ya bahari hayagandi kirahisi kama maziwa ya bara, kwahiyo bado kuna cha kula, wengine ndo wanaunganisha mpaka kwetu. Kuna kitwitwi, yaani ndege mdogo wa kwenye tope, mmoja vitabuni anaitwa little stint, ana gramu kama 25 tu, anaanguliwa kule Aktiki, Norwei mpaka Siberia, afu unamkuta kwenye maziwa ya Momella anadonoa tope kama sindano ya cherehani, hapumziki. Aisee mi yule ndege kila nikimwona nasimama.

Sasa Momella, pale ndani ya hifadhi ya Arusha, watu wengi wanapiga picha heroe wanageuza gari. Heroe ni wazuri sikatai, ila we angalia ukingoni, pale maji ya magadi yanapokutana na tope. Kule pwani wanapanga muda kwa maji kujaa na kupwa, yakijaa ndege wanasukumwa karibu na watu, huku kwetu hakuna hiyo, kinachoamua ni mvua. Vuli ikiisha jua likawaka mwezi wa 1 na wa 2 maji yanarudi nyuma, tope linabaki wazi na wageni wanajaa hapo. Ukitaka kutembea kwa miguu lazima askari mwenye bunduki, nyati ni wengi mno.

Hela ya hifadhi ikigoma nenda mashamba ya mpunga huku Moshi, Mabogini au Chekereni. Asubuhi na mapema, mpe mwenye shamba shikamoo yake, omba ruhusa, afu pita kwenye kingo usikanyage mpunga wa watu. Kwenye majaruba yenye maji bila mpunga mrefu ndo utamkuta wood sandpiper, wa kahawia ana madoadoa meupe mgongoni, akishtuka anaruka na kelele kali chif-if-if na kiuno cheupe kinaonekana. Yule anayetikisa makalio muda wote hata akiwa amesimama peke yake kwenye jiwe la mfereji ni common sandpiper. Ruff anachanganya, dume ni mkubwa kuliko jike mpaka unadhani ni ndege wawili tofauti. Rangi zao kipindi hiki zimefifia wote, kijivu na kahawia, kwahiyo jifunze mwendo, sauti na mdomo kwanza.

Bainokula chukua 8x42. Hiyo 8 ni ukuzaji, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, ndo kinaingiza mwanga asubuhi. Ukubwa wa 10 mkono unatetemeka, ndege mdogo anakupotea. Na ukiona kitu andika eBird, mtandao wa kurekodi ndege ulioona, au peleka Tanzania Bird Atlas, mradi wa ramani za ndege wa Tanzania, kumbukumbu za mashamba yetu zina faida kubwa.

Kitu kimoja naomba sana, usiwarushe ili upate picha, na madogo wenye manati waelezeni taratibu. Hawa kufika mwezi wa 3 na wa 4 wanakula kwa nguvu kuweka mafuta ya safari, kila ukimrusha unamchomea akiba. Na kipindi hicho hicho ndo wanabadilisha manyoya, yule little stint anaanza kuwa mwekundu mwekundu shingoni, kwahiyo ukiweza rudi tena kabla masika haijakolea barabara ya Mabogini ikawa tope.